"Robusta 100%, kali": lebo inayotuacha gizani

Simiyu ni mkoa wa pamba. Kahawa inayonywewa Bariadi inatoka nje, na robusta ya Tanzania kwa sehemu kubwa ni ya Kagera. Mnywaji wa huku haujui mti wala mkaangaji. Anachokijua ni pakiti. Sasa pakiti ikiandikwa "robusta 100%, kali", inamwambia nini? Kidogo mno.

Tuanze na "kali". Wengi wetu tunaamini kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi tii ndiyo yenye kafeini nyingi. Siyo kweli. Kafeini inavumilia moto, sehemu kubwa inabaki kwenye punje. Zinazoteketea ni asidi za klorojeniki, ambazo kwenye robusta mbichi hufika asilimia 7 hadi 10 ya uzito mkavu. Ukikaanga sana, nyingi zinavunjika, na mabaki yake yanachangia ule uchungu. Trigonelini nayo inavunjika, sehemu yake inageuka niasini, yaani vitamini B3. Kwa hiyo weusi unatupa habari za moto, siyo za kafeini.

Je, "robusta 100%"? Robusta yenyewe siyo kitu kimoja. Kagera kuna miti ya asili ya Nganda na Erecta, halafu kuna aina bora za TaCRI kutoka kituo cha Maruku. Kati ya mti na mti, kafeini inaweza kuwa chini ya asilimia 2 au kupita 3. Arabika iko kwenye 1.2 hivi.

Hapa ndipo penye tatizo. Gramu 10 za unga wa robusta wenye asilimia 2.2 zina miligramu 220 za kafeini. Za arabika, 120. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mjamzito asizidishe miligramu 200 kwa siku. Kahawa ikichemshwa, kafeini nyingi inaingia kwenye maji. Ule ushauri wa "kikombe kimoja hakina shida" unategemea ni kikombe cha nini.

Mtu atasema kupima kila gunia ni gharama. Sawa, lakini hatuhitaji namba kamili. Aina ya kahawa, kiwango cha kukaanga, na kafeini ya chini na ya juu kwa gramu 10: mistari mitatu tu. "Kali" iondoke, iwape nafasi.