DHIS2: Msimbo Ulio Wazi na Usanidi Usioonekana

Takwimu za afya zinazotoka Makere, kata iliyomo wilayani Kasulu katika nyanda za juu za Kigoma, huanza kwa kalamu: mgonjwa wa nje huandikwa katika kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, mama anayejifungua huandikwa katika kitabu namba 12, na mwezi unapokwisha mhudumu hujumlisha yote katika fomu ambayo baadaye huingizwa kwenye kompyuta. Programu inayozipokea ni DHIS2, ambayo Tanzania Bara iliieneza nchi nzima mwaka 2013, miaka miwili baada ya Kenya. Msimbo chanzo wake, yaani maelekezo kama yalivyoandikwa na watayarishaji wa programu, umewekwa GitHub, ambako yeyote mwenye intaneti anaweza kuusoma.

Uwazi huo una historia. Mradi wa HISP uliozaa programu hii ulianza Afrika Kusini mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipokuwa unakoma, na Chuo Kikuu cha Oslo kikawa kitovu cha uandishi wa toleo la pili, lililoanza kutumika India mwaka 2006. Leseni yake, ya aina ya BSD, inaruhusu kunakili, kubadili na kusambaza bila malipo. Msimbo ulihifadhiwa kwanza Launchpad, kisha ukahamishiwa GitHub, jukwaa lililofunguliwa mwaka 2008.

Chini ya GitHub kuna Git, chombo kilichoandikwa na Linus Torvalds Aprili 2005, baada ya waandishi wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure programu ya BitKeeper. Git huweka kumbukumbu ya kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo mafupi, na hulipa utambulisho wa herufi na tarakimu 40 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo yenyewe, kiasi kwamba nukta moja ikibadilishwa kwa siri utambulisho nao hubadilika. Kila mshiriki hubeba katika kompyuta yake nakala ya ghala zima la msimbo pamoja na historia yake yote. Kwa hiyo mtayarishaji aliyeko Dar es Salaam anaweza kufanya kazi mtandao ukiwa umekatika, akapeleka mabadiliko yake utakaporudi. Hufungua tawi, ambalo ni mkondo wa kazi uliotengwa na shina kuu, akaandika humo, na akimaliza huwasilisha ombi la kuunganisha.

Ombi hilo ndilo kiini cha ushirikiano wenyewe, kwa kuwa hapo mistari iliyoondolewa huonyeshwa kwa rangi nyekundu na iliyoongezwa kwa kijani, wasimamizi wa shina huuliza na kupinga mstari kwa mstari, na kompyuta huendesha majaribio ya kiotomatiki kuona kama jipya limevunja la zamani. Kichwa cha ombi la kurekebisha hitilafu katika DHIS2 kwa kawaida hutanguliwa na neno fupi linalotaja aina ya badiliko, na hufungwa kwa namba ya taarifa ya hitilafu husika, ili anayesoma miaka mitano baadaye ajue kwa nini mstari fulani uliandikwa. Kwa kuwa matoleo matatu ya karibuni huhudumiwa kwa wakati mmoja, rekebisho lililokubaliwa shinani hunakiliwa pia katika matawi ya matoleo hayo. Hata hivyo, kuunganishwa GitHub hakumaanishi kufika Kasulu, kwani seva ya Wizara ya Afya hupata rekebisho siku inapopandishwa toleo, na uamuzi huo ni wa kiutawala. Hakuna ombi la kuunganisha linaloweza kuuharakisha.

Kikundi cha HISP Tanzania, chenye asili yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichagua njia ya werevu zaidi kuliko kusubiri Oslo. DHIS2 ina kiolesura cha programu, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kusoma na kuandika takwimu bila kugusa shina, na kwa mlango huo Watanzania wameandika programu zao, miongoni mwao Scorecard, inayopanga viashiria vya wilaya katika jedwali la rangi, na kuziweka katika maghala yao wenyewe hukohuko GitHub. Kwa njia hiyo ratiba na uamuzi wa nini kiandikwe kwanza hubaki Dar es Salaam, na nchi nyingine huweza kuichukua kazi hiyo.

Lakini kasoro nyingi ambazo mtu wa Makere angeziona hazimo katika ghala lolote kati ya hayo. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Makere mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na kupokea Warundi wengi kuanzia mwaka 2015, ni mfano mzuri: iwapo watoto wa kambini waliochanjwa watajumlishwa juu ya mgawanyo ilhali idadi ya wakazi iliyowekwa chini haiwahesabu, asilimia ya chanjo inaweza kupita 100, na msimbo utakuwa umefanya hesabu sahihi kabisa. Kosa litakuwa katika usanidi, yaani orodha ya vituo, fomu na kanuni za viashiria, ambao hukaa katika kanzidata ya wizara. Anayeubadilisha ni msimamizi wa mfumo kwa kubofya katika skrini, na hakuna anayelazimika kulipitia badiliko hilo kabla halijaanza kufanya kazi. Mtayarishaji akibadili mstari mmoja wa msimbo huhojiwa. Kanuni ya kiashiria ikibadilishwa, wilaya kama Kibondo na Kasulu huenda zikatambua pale tu grafu ya mwezi uliopita inapoonekana tofauti.

Kiufundi pengo hilo linazibika. DHIS2 huweza kutoa usanidi wake katika faili la JSON, ambalo ni maandishi matupu, na Git hulinganisha maandishi ya aina yoyote. Kanuni ya asilimia ya chanjo ikitolewa hivyo na kuwekwa katika ghala, badiliko lake litaonekana kwa nyekundu na kijani, na afisa takwimu wa wilaya atakuwa na mahali pa kuandika pingamizi lake kabla ya seva kuguswa.