Gudulia katika Rangi za Maji: Uhakiki Mfupi

Kati ya mwaka 1935 na 1942, serikali ya Marekani iliwaajiri wachoraji waliokosa kazi kutokana na mdororo wa uchumi, ili wachore vyombo vilivyotengenezwa na mafundi wa kawaida. Michoro hiyo, ipatayo 18,000, huitwa Index of American Design na imehifadhiwa katika National Gallery of Art mjini Washington. Miongoni mwake imo ya Yolande Delasser, aliyechora magudulia ya udongo wa kijivu yenye mapambo ya buluu. Je, chombo cha jikoni kinastahili kuchorwa kwa makini kiasi hicho?

Sisi tunasema kinastahili. Gudulia limesimama peke yake kwenye karatasi tupu, bila meza wala ukuta, hivyo jicho linalazimika kulitazama lenyewe. Vyombo vya aina hii viling'arishwa kwa chumvi iliyotupwa ndani ya tanuri lenye moto mkali. Mvuke wake uliungana na udongo na kuacha utando kama kioo, wenye vinundu mithili ya ganda la chungwa. Kuuonyesha mng'ao huo kwa rangi za maji si kazi rahisi, kwani mara nyingi weupe unaong'aa ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Brashi ikiteleza, mng'ao umepotea.

Hata hivyo, michoro hii ina upungufu. Gudulia limetengwa na mikono iliyolibeba. Hatuoni lilitiwa nini, wala nani alilijaza. Upweke ule ule unaolipa heshima unalinyima maisha.

Hapa ndipo lugha inapoweza kusaidia. Kiswahili hukitazama chombo kama mwili: kina mdomo, shingo, tumbo, mkono na kitako. Lakini wanafunzi wetu wengi wamekulia kwenye madumu ya plastiki, na kwao kila chombo cha udongo ni chungu. Tofauti kati ya chungu cha kupikia, mtungi wa maji, kikaango na gudulia inaanza kubaki katika kamusi tu.

Tunawashauri walimu wenzetu wauonyeshe mchoro kama huu darasani, kisha wawaombe wanafunzi wataje kila sehemu ya chombo na waandike aya moja kuhusu anayekitumia. Aya hiyo itaeleza yale ambayo mchoraji hakuyachora.