Boti Iliyozaliwa Tumboni mwa Ndege

Boti ya Italia iliyoitwa barchino ilikuwa nyepesi mno kwa chombo kinachobeba kilo 300 za vilipuzi omoni. Fundi wa mashua yeyote angeuliza wepesi huo umetoka wapi, na jibu halimo baharini. Boti hiyo ilibuniwa ili ibebwe na ndege.

Wazo lilizuka miaka ya 1935 na 1936, wakati wa vita vya Ethiopia, manowari za Uingereza zilipokuwa zimejazana Mediterania. Amedeo wa Aosta, jenerali wa jeshi la anga, na ndugu yake Aimone wa jeshi la majini, waliitazama ndege ya baharini S.55. Ilikuwa na matumbo mawili sambamba chini ya bawa moja, kama mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Katikati pana uwazi. Kwa nini boti isining'inizwe hapo, ipelekwe karibu na bandari ya adui, kisha imalizie safari yenyewe?

Ndege haibembelezi uzito, kwa hiyo boti za kwanza zilijengwa kwa fremu za mbao zilizovikwa turubai. 

Mpango wa ndege ukaachwa, boti ikabaki. Ikapewa bodi imara zaidi ya mbao, lakini umbo lake dogo halikubadilika, na hapo ndipo urithi wa ndege ulipolipa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 1941, manowari mbili, Crispi na Sella, ziliteremsha boti sita kwa winchi nje ya ghuba ya Suda, Krete. Chombo kizito kisingeshushwa hivyo gizani. Rafadha ya boti iliweza kuinuliwa ili boti iteleze juu ya vizuizi vya bandari. Rubani alilenga, akafunga usukani, akajirusha majini pamoja na kiegemeo cha kiti chake, kilichogeuka kuwa kijirafu. Boti ikigonga, vilipuzi vidogo huikata vipande viwili, omo huzama, na shehena kubwa hulipuka chini ya maji, mahali ambapo meli haina ngozi nene. Manowari ya Uingereza, York, ilipigwa ikalazimika kupandishwa ufukweni.

Waingereza nao wakatamani kuwa na yao. Meja Hasler wa kikosi cha makomando wa majini, anayejulikana zaidi kwa shambulio lake la mitumbwi huko Bordeaux, Desemba 1942, alisimamia boti ya aina hiyo, na safari hii ndege ikarudi mezani: Lancaster, na miavuli.

Kubeba si shida. Lancaster ilibeba mabomu mazito kuliko boti hiyo. Shida ni kukutana na maji. Tuseme boti inashuka kwa mita 6 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na kuiangusha kutoka urefu wa mita 1.8 hivi, na maji kwa kasi hiyo hayana ulaini tunaoufikiria. Mkuku na mataruma lazima vihimili kipigo hicho. Omo ikitangulia, boti inachimba. Tezi ikitangulia, injini inaumia. Miavuli nayo isipoachia papo hapo, upepo unaijaza tena na kuiburuta boti kama tiara lililokata uzi.

Mengi ya hayo yalikwisha kutatuliwa na Uffa Fox, mjenzi wa mashua wa Kisiwa cha Wight, katika boti ya uokoaji iliyoning'inizwa chini ya ndege Hudson. Ilishuka kwa miavuli sita, na kuanzia Mei 1943 iliwaokoa wanahewa walioanguka Bahari ya Kaskazini. Ila boti ya Fox ilishuka bila mtu ndani. Ya Hasler ilitakiwa kushuka na dereva ndani, mgongo wake ukipokea kipigo kilekile cha mkuku, halafu awashe injini na kuelekea kwa adui bila kujua kama kuna ufa chini ya miguu yake.

Majaribio yalifanyika. Vita vikaisha kabla boti hiyo haijatumwa kushambulia meli yoyote.