Shukrani ya Wenye Barbaro

Farasi Barbaro, mshindi wa Kentucky Derby ya mwaka 2006, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia wiki mbili tu baada ya ushindi ule, tarehe 20 Mei, katika mbio za Preakness mjini Baltimore. Na usiku ule ule akafikishwa New Bolton Center, hospitali ya wanyama wakubwa ya skuli ya udaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako kesho yake Dkt. Dean Richardson alimpasua kwa saa tano na zaidi, akauunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu 27.

Ni tabia ya farasi kuamka katika usingizi wa dawa kwa kishindo, akirusha mateke, hata mfupa uliokwisha kuungwa ukavunjika upya. Kwa hiyo mgonjwa huyu alining'inizwa kwa mashine, akateremshwa katika bwawa la maji ya vuguvugu, amelazwa juu ya chelezo cha mpira chenye mifuko minne ya kutilia miguu, ili fahamu zitakapomrejea apige maji wala asipige sakafu. Nimelieleza bwawa hili kwa makusudi, maana ada ya mgonjwa mmoja hailijengi. Vyombo vya namna hii hutaka fedha ya ihsani.

Ihsani yenyewe ilikuja kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mtu aliyesitiri jina lake, aliyeanzisha Mfuko wa Barbaro kwa ajili ya hospitali, na kwa mlango huo wakaingia wale ambao hawakupata kumiliki hata punda, waliokuwa wakileta karoti, tufaha na maua, wakapata sasa mahali pa kutia dola zao chache. Hapa naona busara kubwa, kwani huruma ya umati haingoji, na isipoandaliwa chombo cha kuikinga humwagika.

Mlango wa pili ni wa wenye farasi, Roy na Gretchen Jackson, waliotoa dola milioni 3 kuweka kigoda cha uprofesa cha utafiti wa maradhi ya farasi. Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa ni wakfu ule ule aujuao: asili huzuiwa, ghalla hutumiwa. Tukikadiria faida ya asilimia 4, ni dola 120,000 kila mwaka, na mtaji haujaguswa.

Barbaro hakupona. Mguu wa pili wa nyuma, uliobebeshwa uzito wa mwenziwe, ulishikwa na laminaitisi, maradhi ya tishu zinazoshikamanisha ukwato na mfupa, na tarehe 29 Januari 2007 wakamlaza kwa dawa asiteseke zaidi. Wanaodhani kwamba mteja hulipa shukrani kwa uzima pekee na wautazame wakfu huu, ambao haukupewa jina la farasi wala la waliotoa, bali la daktari: kwa muda wa miezi minane akina Jackson walimwona mtu huyu akiwaeleza hali ya mgonjwa bila kuwapamba maneno, habari njema na mbaya kwa sauti moja, na nadhani hicho ndicho walichokilipia.