Kilichowekwa Chini

Katika sanaa ya kutia hofu, hakuna kazi ngumu kama ya fundi anayetunga kisa ambacho mwisho wake unajulikana tayari. Kazi ya namna hiyo inaweza kuitwa kitangulizi, yaani kisa kinachotungwa baada ya kingine ilhali matukio yake yalitokea kabla, na ugumu wake ni kwamba hadhira inajua nani atasalimika, kwa hiyo hofu haiwezi kutoka katika swali la nini kitatokea bali hutoka katika namna kinavyotokea. Wasimulizi wa hadithi za mazimwi, katika maboma ya Wamaasai kama katika nyumba za pwani, waliujua ugumu huo tangu zamani, kwa kuwa watoto waliowasikiliza walikwisha kuisikia hadithi ile ile mara nyingi, na bado walisogeleana karibu na moto kila zimwi lilipoukaribia mlango.

Mfano wa ufundi huo unaostahili sifa, na lawama pia inapobidi, ni mchezo wa video wa Resident Evil 0, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi Novemba 2002 kwa mashine ya GameCube, chini ya uongozi wa Koji Oda. Mchezo huo ni wa jamii ya kutisha na kunusurika, ambamo mchezaji hapewi nguvu za shujaa bali hupewa risasi chache, dawa haba na giza jingi, akaachiwa kuchagua baina ya kupigana na kukimbia. Matukio yake yanaanza Julai 1998, siku moja kabla ya yale ya mchezo wa kwanza wa mfululizo huo, uliotoka mwaka 1996, na yanamfuata Rebecca Chambers, tabibu chipukizi wa kikosi cha polisi mwenye umri wa miaka 18, pamoja na Billy Coen, askari aliyehukumiwa kifo, tangu wanapokutana katika garimoshi lililosimama msituni usiku wa mvua.

Sifa kubwa ya mchezo huu imo katika jambo ambalo wengi waliliona kuwa usumbufu. Katika michezo iliyoutangulia kulikuwa na masanduku ya ajabu, ambayo kitu kilichotiwa katika sanduku la chumba kimoja kilipatikana katika sanduku la chumba kingine bila mtu yeyote kukibeba. Resident Evil 0 iliyaondoa masanduku hayo yote. Kila mhusika ana nafasi sita tu za kubebea, bunduki ndefu kama ile ya marisau inakula nafasi mbili peke yake, na kinachozidi huwekwa sakafuni, kikabaki pale pale kilipowekwa, hata mchezaji akienda mbali na kurudi baada ya saa nyingi. Hivyo ukumbi wa jumba wanaloliingia baada ya garimoshi hugeuka polepole kuwa ghala la wasiwasi: utepe wa wino wa taipureta, ambao bila huo safari haihifadhiwi, mitishamba ya kijani kando ya ngazi, risasi zilizoachwa kwa matumaini kwamba mwenyewe atarudi akiwa hai. Hofu haimo tena katika mnyama aliyejificha nyuma ya mlango pekee, bali imo pia katika kumbukumbu ya kilichoachwa na umbali wa kukifuata.

Mtu aliyefika Olorgesailie nchini Kenya, mwendo mfupi kutoka Oltepesi katika barabara iendayo Magadi, hahitaji kuelezwa sana uzito wa jambo hilo. Huko, katika eneo ambalo Mary na Louis Leakey walianza kulichunguza mwaka 1942 na ambalo lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1947, mashoka ya mkono ya mawe, yaani mawe yaliyochongwa pande mbili kwa ajili ya kukata na kuchuna, yamelala kwa mamia juu ya ardhi ile ile yalimopatikana, na mgeni huyatazama kutoka juu ya daraja la mbao bila kuyagusa. Wachongaji wake waliishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, na hakuna anayejua walilia nini wala walicheka nini, lakini kila jiwe lingali linasema kwamba mkono fulani ulilibeba, ukachoka au ukashtuka, ukaliweka chini. Mchungaji wa leo anayepita karibu na hapo akielekea malishoni na fimbo, sime na kibuyu anaielewa hesabu hiyo kuliko msomi, kwa sababu yeye pia hubeba tu kile ambacho bila hicho hawezi kurudi.

Uzuri wa pili wa mchezo huu unatokana na huo wa kwanza. Mchezo ulianza kutengenezwa kwa ajili ya Nintendo 64, mashine iliyotumia kaseti badala ya diski na kwa hiyo kuruhusu kuhama haraka kutoka kwa mhusika mmoja hadi mwingine, na hata ulipohamishiwa GameCube uhamaji huo ulibaki kuwa moyo wake. Rebecca ni mwepesi, hupenya penye upenyo na huchanganya dawa, lakini hastahimili majeraha. Billy ni mzito wa mkono, husukuma vilivyo vizito na huvumilia, lakini mitishamba haijui. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mchezo huu humfundisha mchezaji kinyume chake kwa vitendo, kwani kila anapohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine huupokea mzigo aliokuwa amemtwika mwenzake dakika moja iliyopita, akauona ulivyo mzito.

Hata hivyo, fundi huyu aliyejua kuacha vitu sakafuni hakujua kuacha maswali gizani. Kitangulizi hutunzwa na maelezo yenye kiasi, na Resident Evil 0, baada ya kuondoka kwenye garimoshi, huanza kueleza kila kitu: ruba, wale wadudu wafyonza damu, wanaojikusanya hadi kuwa umbo la mzee anayetembea, ni picha ya kutisha kweli hadi inapofafanuliwa kuwa kisasi cha mwanasayansi James Marcus aliyeuawa na wenzake miaka kumi kabla. Rebecca naye anamaliza usiku huo akiwa amepambana na madubwana makubwa, kisha anaingia katika mchezo wa 1996 akiwa mgeni mwenye hofu ambaye hakuwahi kumtaja Billy kwa mtu yeyote, na mshono huo kati ya visa viwili hauonekani tena isipokuwa kama kiraka.

Kasoro iliyo nzito zaidi inapita haraka sana katika simulizi. Billy alihukumiwa kwa mauaji ya watu 23, na anapoeleza ukweli wake anasema kwamba kikosi chake kilitumwa Afrika katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kikafika mahali palipodhaniwa kuwa maficho ya waasi, kikakuta kijiji cha watu maskini, na mkuu wao akaamuru wauawe. Garimoshi lina jina, Ecliptic Express. Milima ina jina, Arklay. Kijiji hakina jina, na nchi yake pia haina. Katika Resident Evil 5 ya mwaka 2009 Afrika ilipewa mji wa kubuni, Kijuju, uliowekwa magharibi mwa bara, huku walioambukizwa wakipiga kelele kwa Kiswahili na kuitwa Majini, neno ambalo kwa Mswahili si lazima liwe la uovu na ambalo pia humaanisha ndani ya maji. Kule karibu na Olorgesailie, Oltepesi lenyewe ni jina la mti, mgunga unaotandaza matawi yake kama mwavuli, na watu ambao hawakukubali mti wa kivuli ukose jina wangeshangaa kuona kijiji kizima kikifa bila jina.

Michezo mingi ya siku hizi humpa mchezaji mkoba usiojaa, humhifadhia safari bila kuombwa, na humwonyesha njia kwa mshale, hivyo kijana anayecheza kwenye simu ndani ya matatu hufika mwisho bila kukumbuka alikopita. Toleo la Resident Evil 0 lililosafishwa picha, la Januari 2016, liling'arisha kila taa ya garimoshi na kumwongeza mhusika mwingine wa kuchezwa, Albert Wesker. Ramani yake, kama ile ya mwanzo, humwonyesha mchezaji mahali halisi ilipo kila risasi aliyoiacha sakafuni. Wale watu 23 hawamo katika ramani hiyo.