Daftari la Izzy Stone

Kijarida kinapotimiza miaka kumi, mwenyewe huandaa karamu ya maneno: shukrani, salamu za wakubwa, picha ya toleo la kwanza. I. F. Stone wa Washington alipofika hapo mwaka 1963 alichagua njia nyingine. Alikusanya makala zake za miaka hiyo katika kitabu alichokiita The Haunted Fifties, na mwanzoni akaweka utangulizi wa kujieleza. Humo aliwafungulia wasomaji daftari lake: alianza na fedha kiasi gani, zilitoka wapi, majina ya wateja wa kwanza aliyapata kwa nani, na habari zake alizichota katika makabrasha gani. Maelezo hayo yanasomeka kama ya fundi anayemwonyesha mteja jinsi kiti kilivyoungwa. Ukiyafuata hatua kwa hatua, utaona namna gazeti la kurasa nne, lisilo na tangazo hata moja la biashara, lilivyodumu miaka 19 likiendeshwa na mume na mkewe.

Jina lake la kuzaliwa ni Isidor Feinstein. Alizaliwa Philadelphia tarehe 24 Desemba 1907, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi. Alikulia Haddonfield, New Jersey, na huko ndiko alikotoa gazeti lake la kwanza, The Progress, akiwa na miaka 14. Chuo kikuu aliingia akatoka bila shahada. Marafiki walimwita Izzy. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa na jina katika magazeti ya mrengo wa kushoto ya New York. Shida ni kwamba magazeti hayo yalikuwa yakifa mikononi mwake moja baada ya jingine: PM lilikoma mwaka 1948, Star lililolirithi likakoma mwaka uliofuata, na Daily Compass likafunga milango Novemba 1952. Mwandishi wa miaka karibu 45, mwenye siasa zake, akajikuta hana kazi katika mwaka ambao Seneta Joseph McCarthy alikuwa akiwaandama watu wa aina yake.

Hapo ndipo hesabu zinapoanza. Compass lilimwachia kiinua mgongo cha dola 3,500. Rafiki alimkopesha dola 3,000 bila riba. Mtaji wote ukawa dola 6,500, fedha isiyotosha kununua hata mtambo wa kuchapia. Lakini Stone alikuwa na kitu kingine, na katika kujieleza kwake alikitaja waziwazi: orodha za majina na anwani za waliokuwa wasomaji wa magazeti yale matatu yaliyokufa, pamoja na za watu walionunua vitabu vyake. Aliwaandikia barua. Toleo la kwanza la I. F. Stone's Weekly lilipotoka tarehe 17 Januari 1953, siku tatu kabla ya Dwight Eisenhower kuapishwa kuwa rais, watu 5,300 walikuwa wameshalipa ada ya mwaka. Miongoni mwa hao wa mwanzo walikuwamo Albert Einstein, Bertrand Russell na Eleanor Roosevelt.

Ada ilikuwa dola 5. Zidisha: dola 26,500 zilikuwa mezani kabla ya kazi ya mwaka kufanyika. Hii ndiyo siri ya kwanza ya ujenzi wake, na wengi huipita haraka kwa sababu haina mvuto. Gazeti linaloishi kwa kuuzwa barabarani hulipa mchapaji leo na kungoja senti za kesho, nalo linaloishi kwa matangazo humngoja mtangazaji. Stone alilipwa na wasomaji kwanza, halafu akatumia. Hakuwa na mwenye hisa wa kumuuliza wala kampuni ya sabuni ya kuiogopa. Adui yake alikuwa mmoja tu, naye ni gharama, na hizo alizibana kila mahali: kurasa nne, mara moja kwa wiki, mwandishi mmoja.

Posta ilimsaidia. Magazeti ya Marekani yalikuwa na haki ya kusafirishwa kwa kiwango maalumu cha chini, na bila haki hiyo dola 5 zingeliwa na stempu. Stone aliiomba katikati ya msako wa wakomunisti, akapewa bila kuulizwa siasa zake. Miaka kumi baadaye alilisimulia hilo kwa heshima kubwa kwa nchi yake, na heshima hiyo inagusa zaidi ikitoka kwa mtu aliyekuwa akipekuliwa na FBI, shirika ambalo faili lake juu yake lilifikia maelfu ya kurasa.

Kisha Esther. Mkewe ndiye aliyeshika upande wa biashara: majina, malipo, barua za wateja, mabadiliko ya anwani. Kazi yenyewe ilifanyika nyumbani kwao Washington. Katika vijarida vya mtu mmoja, kwa kawaida huyo mtu mmoja ni wawili, na wa pili ndiye anayejua nani amelipa na nani ada yake imekwisha. Stone hakulificha hili. Alirudia kusema kwamba bila Esther kazi isingewezekana, na ukitazama idadi ya wateja ilivyokuja kupanda, utaona hayakuwa maneno ya adabu tu.

Sura ya gazeti nayo ilipangwa kwa makusudi. Stone alitaka lionekane la kiheshima, hata la kizamani: herufi za utulivu, vichwa vya habari visivyopiga kelele. Aliyejulikana kuwa mkali wa kushoto asingesikilizwa kama gazeti lake lingefanana na kipeperushi cha maandamano. Ndani ya kurasa hizo aliweka visanduku vidogo, kila kimoja kikibeba nukuu kutoka nyaraka rasmi, mara nyingine kauli mbili za wakubwa zilizogongana. Hakuhitaji kuongeza neno. Msomaji alizisoma zote mbili akaona mwenyewe.

Nyaraka ndizo zilizokuwa ghala lake. Stone alikuwa na shida ya kusikia, hivyo mikutano ya waandishi haikumfaa sana. Pia hakuna waziri aliyekuwa tayari kumnong'oneza siri. Akageuza kasoro hizo kuwa mbinu: alisoma. Alisoma kumbukumbu za vikao vya Bunge la Marekani, kitu ambacho sisi tungekiita hansadi, akasoma ushahidi uliotolewa mbele ya kamati, viambatisho vya ripoti, na magazeti mengi kila asubuhi, huku mkasi ukiwa mkononi. Katika kujieleza alisisitiza kwamba hakudai kuwa na habari za chumbani. Alitaka kila jambo liwe na ushahidi ambao msomaji angeweza kuukagua.

Mfano bora ni mlipuko ulioitwa Rainier. Tarehe 19 Septemba 1957 Marekani ililipua bomu la nyuklia chini ya mlima huko Nevada, la nguvu ya tani 1,700 za TNT. Lilikuwa jaribio lake la kwanza ambalo mlipuko wote ulizuiwa ardhini. Kesho yake New York Times lilieleza kwamba jambo hilo lingethibitisha maoni ya wataalamu: mlipuko wa chini hausikiki mbali. Lakini mkiani mwa habari hiyo kulikuwa na taarifa fupi fupi kutoka Toronto, Rome na Tokyo, zikisema mtikisiko umehisiwa huko. Stone aliona kuna mgongano. Hakuwa na fedha za kutuma simu za maandishi kwenye miji hiyo. Alikata vipande, akavihifadhi, akaendelea na mambo mengine.

Miezi ikapita. Majira ya kuchipua ya mwaka 1958, Harold Stassen, aliyekuwa mshauri wa Eisenhower kuhusu kupunguza silaha, aliieleza kamati ndogo ya Seneti kwamba Wasovieti walikuwa wamekubali vituo vya ukaguzi kila kilomita 1,000 kwa ajili ya mkataba wa kusitisha majaribio. Siku chache tu baadaye Tume ya Nishati ya Atomiki ikatoa ripoti ya Rainier ikidai mlipuko ule haukunaswa popote zaidi ya maili 200, yaani kilomita 320 hivi. Weka namba hizo mbili pamoja. Vituo vikiachana kwa kilomita 1,000, bomu linalolipuliwa katikati liko kilomita 500 kutoka kila upande, na kwa ripoti ya Tume lisingesikika kabisa. Mkataba ungeonekana upuuzi kabla ya kujadiliwa.

Stone alivitoa vile vipande vyake. Akaenda kuwatafuta watu ambao hakuna mwandishi aliyewafikiria: wanasayansi wa matetemeko katika idara ya serikali ya upimaji wa pwani na ardhi, chini ya Wizara ya Biashara. Kwa simulizi yake, walishangaa kumwona mwandishi wa habari. Taarifa za Tokyo na Rome hawakuziamini. Hata hivyo walimpa orodha ya vituo 19 vya Marekani na Kanada vilivyorekodi mtikisiko, kimoja kikiwa Arkansas na kingine mbali kabisa Alaska, zaidi ya maili 2,000 kutoka Nevada. Tume ya Atomiki ililazimika kutoa masahihisho. Kijarida cha kurasa nne kilikuwa kimesahihisha hesabu za chombo kilichokuwa na mabomu ya nyuklia mkononi, na silaha yake ilikuwa kipande cha gazeti cha miezi kadhaa na safari ya kwenda ofisi iliyo mji uleule.

Mwandishi wa gazeti kubwa angeweza kufanya hivyo pia. Tofauti ni kwamba Stone alikuwa na muda na kumbukumbu. Anayetoa toleo moja kwa wiki kuhusu mambo yaleyale, mwaka baada ya mwaka, hukumbuka kilichosemwa Septemba ikifika Machi.

Vita vya Vietnam vilikuja kuithibitisha mbinu hiyo. Agosti 1964, baada ya serikali kudai kwamba meli zake za kivita zilishambuliwa na Vietnam ya Kaskazini katika Ghuba ya Tonkin, Bunge lilimpa Rais Lyndon Johnson ruhusa ya kupigana, na katika Seneti ni watu wawili tu waliopinga, Wayne Morse na Ernest Gruening. Stone aliichukua hotuba ya Morse, iliyokuwa imelala katika hansadi, akaitumia kuonyesha kwamba visiwa vya Vietnam ya Kaskazini vilikuwa vimeshambuliwa kutoka Kusini siku chache kabla. Machi 1965 akauchambua Waraka Mweupe wa serikali uliodai waasi wa Kusini walikuwa wakipewa silaha na Kaskazini. Alifungua kiambatisho, akahesabu silaha za kutoka nchi za kikomunisti zilizoorodheshwa kuwa zimetekwa katika miezi 18: 179. Halafu akachukua takwimu za Pentagon zenyewe, zilizoonyesha wastani wa silaha 7,500 zilizotekwa katika kila kipindi kama hicho. Sehemu hiyo haifiki asilimia 2.5. Hesabu ya mtoto wa shule, na jibu lilikuwa katika karatasi za serikali yenyewe.

Wasomaji wake hawakuwa kundi la kupiga makofi tu, na hili linastahili kukumbukwa katika historia yoyote ya kijarida hiki. Mwaka 1956 Stone alisafiri hadi Urusi ya Kisovieti. Aliporudi aliandika bila kuficha kwamba jamii ile si njema na viongozi wake si waaminifu. Kwa gazeti ambalo wengi wa wateja wake walikuwa watu wa kushoto, lilikuwa pigo mfukoni, kwani mamia waliondoka. Gazeti la matangazo lingepoteza mtangazaji mmoja mkubwa, likafunga. Stone alipoteza mamia ya dola tano tano, akaumia, lakini hakuanguka. Ndipo inapoonekana kwamba ule mfumo wa ada ndogo kutoka kwa watu wengi ulimlinda dhidi ya wasomaji wake mwenyewe, si dhidi ya serikali na makampuni pekee. Kwa maoni ya safu hii, hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote.

Kufikia mwaka 1963 waliolipia walikuwa wamepita 20,000. Vita vilipozidi, nao wakazidi. Moyo wa Stone ukaanza kumsumbua, na mwishoni mwa miaka ya 1960 gazeti likawa la kila wiki mbili. Mwishoni mwa mwaka 1971, akikaribia kutimiza miaka 64, alilifunga. Wateja walikuwa takriban 70,000, na ada ilikuwa bado dola 5. Piga hesabu tena: dola 350,000 kwa mwaka, kutoka mtaji wa 6,500. Katika makala ya kuaga alirudia aliyoyafanya mwaka 1963, akiwaeleza wasomaji safari ilikotoka, ilikofikia na kwa nini inakoma. Hakuacha gazeti lifie mikononi mwa mwingine kama Compass lilivyofia mikononi mwake.

Matoleo ya zamani yaliendelea kuishi vitabuni, kila makala na tarehe yake, hivyo anayetaka kupima kama Stone aliona sawa mwaka 1954 au 1964 anaweza kufanya hivyo bila msaada wa mtu. Jerry Bruck alitoa filamu juu ya kijarida hicho mwaka 1973. Stone mwenyewe alihamia New York Review of Books kama mwandishi, na uzeeni akajifunza Kigiriki cha kale, kwa sababu alitaka kuchunguza kesi ya Socrates katika maandiko yenyewe. The Trial of Socrates kilitoka mwaka 1988, akiwa na miaka 80, kikaingia katika orodha ya vitabu vilivyouzwa zaidi Marekani. Alifariki Boston mwezi Juni mwaka uliofuata.