Tundu Kati ya Vizimba Viwili

Vizimba vya chuma kisichoshika kutu, vyenye upana wa sentimita 60 hivi, vinafaa hospitali ya wanyama: paka anapasuliwa, analala siku moja au mbili, anarudi kwao. Vituo vingi vya kuhifadhi wanyama nchini Marekani vilivitumia hivyo hivyo kumweka paka kwa wiki kadhaa. Chakula, tandiko na trei ya mchanga vikabanana. Paka hapendi kula kando ya choo chake, na humo hakuwa na pa kwenda.

Wataalamu wa tiba ya wanyama wa vituoni katika Chuo Kikuu cha California, Davis, walihimiza ukuta wa kati utobolewe. Fundi anakata duara linalompitisha paka mkubwa bila kujibana, anazivika kingo pete ya plastiki au chuma, anaweka kimlango kinachofungika. Upande mmoja unakuwa wa kulala na kula, wa pili wa choo.

Wengi husifia nafasi iliyoongezeka. Kwangu mimi kimlango ndicho chenye uzito. Anayesafisha kizimba kimoja kidogo hana budi kumbeba paka kumtoa nje, kisha anamshika wa pili akiwa na nguo zilezile. Penye tundu, paka anasubiri upande wa pili. Na siku nyingi hata hilo halihitajiki: mchanga mchafu unazolewa, palipochafuka panafutwa, tandiko lenye harufu yake linaachwa.

Hapo ndipo mafua yanapohusika. Virusi vya herpesi ya paka vikishamwingia, kwa kawaida hubaki mwilini maisha yake yote. Akipata msongo vinaamka, na baada ya takriban wiki moja anavisambaza tena. Kituo kinaweza kuzuia kila mgonjwa mlangoni na bado chumba kizima kikapiga chafya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wa vituo 9 vya Amerika Kaskazini, ulikuta mafua machache pale sakafu ilipozidi robo tatu ya mita ya mraba na paka hakuhamishwa zaidi ya mara 2 katika siku 7 za kwanza. Huo ni uhusiano tu, haujathibitisha chanzo, ila unaendana na tabia ya virusi hivyo.

Meneja atalalamika: vizimba 20 vimekuwa makao 10! Tupige hesabu. Wakiingia paka 2 kwa siku na kila mmoja akakaa siku 10, makao 20 yanahitajika. Wakikaa siku 5, 10 yanatosha. Anayepiga chafya hachukuliwi na mtu, hivyo msongamano unajizalisha wenyewe. Hesabu hii inagoma pale wanaotaka paka ni wachache mno, na hapo dawa ni kupunguza wanaopokelewa, si kurudisha ukuta.

Kimoja bado kinakosekana: pa kujificha. Katika kituo kimoja cha Uholanzi, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa paka wageni waliopewa sanduku walitulia mapema kuliko wenzao. Boksi la katoni linatosha, likikaa upande wa kulala bila kuziba tundu. Paka akichukuliwa, boksi linakwenda naye au linatupwa, maana katoni haisafishiki kwa dawa.